Macho Hayana Pazia, Magari Yanayo

Wahenga walituachia kauli kwamba macho hayana pazia. Kilicho mbele ya macho kitaonekana tu, mwenyewe apende asipende. Mwenye gari wa leo amepata njia ya kuikwepa kauli hiyo, tena kwa nusu siku. Asubuhi anapeleka gari kwa fundi wa tinti, mchana anatoka nalo likiwa na vioo vyeusi. Yeye anawaona watu, watu hawamwoni.

Jioni hii nazungumzia pazia hilo. Hoja yangu ni moja, na nitaitaja mapema ili usikae unaiwinda. Vioo vya nyuma vya gari lako ni vyako, fanya navyo utakavyo. Kioo kikubwa cha mbele na vile viwili vya milango ya mbele, hivyo ni mali ya barabara nzima. Umevilipia wewe, lakini tunaovitumia ni wengi.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi tunakilipia bila kukijua. Tinti ni karatasi nyembamba ya plastiki yenye gundi upande mmoja. Fundi anaosha kioo kwa maji ya sabuni, anakwangua uchafu kwa wembe, kisha anaipima karatasi kwa nje ya kioo. Anaipuliza hewa ya moto mpaka ikubali mkunjo wa kioo. Halafu anaihamishia ndani, anaibandika, na kukamua maji kwa kibao cha mpira kuanzia katikati kwenda pembeni. Kioo cha nyuma ndicho mtihani wake mkubwa, kwa sababu kimejipinda na kina nyaya za kuondolea ukungu. Fundi mwenye haraka utamjua hapo, kwa malengelenge na kwa kingo zinazoinuka kabla mwaka haujaisha. Karatasi ya bei ya kutupa nayo inajitangaza yenyewe: jua likishaipiga misimu michache, weusi unageuka zambarau.

Kila karatasi ina namba yake. Namba hiyo ni asilimia ya mwanga unaoruhusiwa kupita. Karatasi ya 70 inapitisha mwanga mwingi, na ukiitazama kwa haraka hutajua kama ipo. Karatasi ya 5 inapitisha mwanga kidogo sana, na hiyo ndiyo inayofanya gari lionekane halina mtu. Kwa hiyo namba ikishuka giza linapanda. Fundi anauliza, "Bosi wangu, tukupige ngapi? Ishirini? Tano?" Naye bosi, ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa analalamika kuhusu joto, anajibu kwa swali: "Ipi nyeusi zaidi?"

Hapo ndipo mazungumzo yanapopotea njia, kwa sababu giza na ubaridi havifuatani kama tunavyodhani. Nguvu ya jua inayotufikia ina mafungu matatu. Nusu yake, na kidogo zaidi, ni miale ya joto ambayo jicho haliioni. Fungu la pili, lisilofika nusu, ni mwanga tunaouona. Kinachobaki, asilimia chache tu, ni miale ya urujuanimno inayounguza ngozi. Karatasi rahisi iliyotiwa rangi inashughulika zaidi na lile fungu la pili. Inaumeza mwanga, kioo kinapata moto, na sehemu ya moto huo inarudi kwako ndani. Miale ya joto isiyoonekana inapita kama kawaida. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa kwenye giza la mchana, ndani ya gari jeusi tii, na bado jasho likamtiririka shingoni.

Zipo karatasi za aina nyingine, zinazoitwa za seramiki, zenye chembechembe ndogo mno zilizotengenezwa ili zizuie ile miale ya joto na kuuacha mwanga upite. Karatasi nzuri ya namna hiyo, hata ikiwa ya 70, inaweza kukupunguzia joto zaidi kuliko ile nyeusi ya bei rahisi. Bei yake ni kubwa zaidi, sikatai. Lakini kama kweli unachonunua ni ubaridi, basi huo ndio ubaridi wenyewe.

Na hata hiyo isikudanganye kuhusu gari lililoegeshwa juani. Mwaka 2018 watafiti huko Arizona, Marekani, waliegesha magari kwenye jua la kiangazi. Baada ya saa moja hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzijoto 47, na dashibodi nyuzijoto 69. Karatasi kwenye kioo itapunguza kidogo na kuchelewesha kidogo, basi. Mtoto haachwi ndani ya gari lililofungwa, liwe na tinti au lisiwe nayo. Mwembe wa jirani bado ni bora kuliko tinti yoyote, na kivuli chake hakina ankara.

Tuje kwenye ngozi, maana hilo nalo ni jambo la haki na halizungumzwi vya kutosha. Kioo kikubwa cha mbele kimetengenezwa kwa vioo viwili vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Utando huo unazuia karibu miale yote ya urujuanimno. Vioo vya pembeni mara nyingi ni kipande kimoja tu, na vinaacha miale hiyo ipite zaidi. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye umri wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito, ukaonekana wa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuliko upande wa kulia. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo madereva wa mabasi ya mikoani na malori yaendayo Tunduma watazame shavu na mkono wa kulia.

Sasa mfikirie mtu mwenye ualbino, ambaye saratani ya ngozi ni adui wake wa kila siku. Pale Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kitengo kinachotengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili yao. Mtu huyu akipanda gari, dirisha ni jua lililomfuata ndani. Habari njema ni kwamba ipo karatasi inayokaribia kuzuia miale yote ya urujuanimno na bado ni angavu. Afya yake haihitaji giza hata kidogo.

Joto, basi, halihitaji giza. Ngozi haihitaji giza. Tukiondoa hayo mawili, tujiulize giza tunalitakia nini.

Sababu ya kwanza ni wizi, nayo ni ya kweli. Anayeshinda kwenye foleni za jioni Dar es Salaam, au Nairobi, au Kampala, anajua mkono unavyoingia dirishani na kutoka na simu. Mkoba ulioachwa kwenye kiti ni mwaliko. Ukifunga vioo na asiyekutakia mema akawa haoni kilichomo, hatari inapungua. Isitoshe, karatasi inashika vipande vya kioo kinapopigwa, kwa hiyo mwizi anachelewa. Lakini kumbuka kwamba siku ya ajali, msamaria anayetaka kuvunja kioo akutoe naye atachelewa vilevile.

Sababu ya pili ni sitara. Mama ananyonyesha kiti cha nyuma. Mgonjwa anarudishwa kutoka hospitali akiwa hoi, hataki mtaa mzima umhesabie pumzi. Bibi harusi hajafika ukumbini. Haya yote nayaheshimu, na utaona kwamba yote yanatokea kiti cha nyuma.

Sababu ya tatu hatuitaji tukiwa kwa fundi, ingawa ndiyo yenye nguvu. Giza ni ukubwa. Kwa miaka mingi tumeyaona mashangingi yakipita, vioo vyeusi, taa zinawaka mchana, na sote tukajifunza kwamba aliye nyuma ya kioo cheusi ni mtu wa kupishwa. Kijana akinunua gari lake la kwanza, hata kama ni dogo na bado anadaiwa, anataka apishwe japo kidogo. Karatasi ya 5 inamuuzia cheo ambacho hakuna aliyempa.

Sasa nikupe mfano wa watu walioamua mpaka uwekwe wapi. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika. Yatazame yakishuka bandarini, zile Noah, Alphard na Harrier. Mengi yamekuja na vioo vyeusi vya kiwandani, weusi ulio ndani ya kioo chenyewe. Lakini weusi huo unaanzia mlango wa nyuma. Mlango wa dereva na wa abiria wa mbele ni angavu. Hiyo ni sheria ya Japani: kioo cha mbele na vya milango ya mbele lazima vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70, na nyuma ya hapo mwenye gari yuko huru. Waingereza, ambao kama Wajapani na kama sisi wanapita kushoto, wana sheria inayofanana nayo. Kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985, kioo cha mbele kipitishe asilimia 75 na vya milango ya mbele asilimia 70. Mpaka umepita kwenye bega la dereva. Sisi tumenunua magari ya Wajapani, mpaka wao tumeubandua hapa kwetu kwa wembe na maji ya sabuni.

Kwa nini bega la dereva? Kaa kwenye usukani ujionee. Saitimira huzioni moja kwa moja, unazitazama kupitia kioo cha mlango. Ukikitia giza kioo cha mlango, umezitia giza na saitimira. Fanya hesabu. Kioo kitupu cha mlango hakipitishi mwanga wote. Tuseme kinapitisha asilimia 75. Ukibandika karatasi ya 35 juu yake, unabaki na asilimia 26 hivi, yaani robo. Ukibandika ya 5 unabaki na asilimia karibu nne. Saa mbili usiku, barabara ambayo taa zake zimekufa, mvua ya masika inanyesha, unataka kukunja kulia. Bodaboda anakuja nyuma yako upande huo huo, taa yake hafifu, koti lake jeusi. Kwenye saitimira yako hayupo. Huo ni usiku wa kawaida kabisa katika miji yetu, na dereva wa karatasi ya 5 ameuvalia miwani ya jua.

Hilo ni la dereva kuona nje. Gumu zaidi ni la nje kumwona dereva. Barabara zetu haziendeshwi kwa alama na taa peke yake. Zinaendeshwa kwa nyuso. Kwenye makutano yasiyo na askari, dereva wa daladala anakutazama, unamwonyesha kiganja, anapita. Mama mwenye beseni kichwani anafika kwenye zebra, hatazami gari, anatafuta macho ya anayeliendesha. Akiyapata na kuona umepunguza mwendo huku unamtazama, anakanyaga lami. Mtoto wa shule anafundishwa hivyo hivyo: hakikisha dereva amekuona. Sasa mtoto huyo amesimama mbele ya kioo cheusi. Dereva anamtazama au anatazama simu? Anampisha au amesimama kwa sababu ya foleni? Mtoto anabahatisha.

Bodaboda nao wana lao. Anayekaa nyuma ya gari angavu huona kupitia vioo vyake mpaka taa za breki za gari la mbele zaidi, akajiandaa mapema. Nyuma ya gari jeusi anaona ukuta. Hapo najua nimegusa kioo cha nyuma ambacho nilikwisha kukuachia, na sikipokonyi. Nakuomba tu ujue kwamba hata pazia halali lina mtu linalomgharimu.

Kuna jambo jingine zito kuliko ajali, nalo ni hofu. Hofu ya gari lisiloonekana ndani haikuletwa na tinti. Enzi za ukoloni, Afrika Mashariki nzima ilisimulia habari za mumiani, watu waliodaiwa kukamata wenzao usiku na kuwanyonya damu. Katika masimulizi mengi waliotajwa ni wazimamoto na magari yao. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo kwa miaka, na kitabu chake cha mwaka 2000 kimejaa magari. Hiyo inaeleweka. Gari lilikuwa la wakubwa, lilipita usiku, na hakuna mwananchi aliyejua limebeba nini. Damu ilikuwa uvumi, lakini kutojua kulikuwa kweli. Leo mzazi anapomwambia mwanawe asisogelee gari lenye vioo vyeusi, anarithisha hofu ambayo ina umri mkubwa kuliko fundi yeyote wa tinti. Na katika miaka hii ambapo habari za watu kuchukuliwa na magari yasiyotambulika zimesikika Tanzania na Kenya, siwezi kumwambia mzazi huyo kwamba anaota.

Serikali mbalimbali zimejibu hofu hiyo kwa namna zao. Nairobi, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya mwaka 2013, polisi waliamuru vioo vya giza viondolewe kwenye matatu, ili abiria na kilichobebwa vionekane. India ilienda mbali zaidi. Mwezi Aprili 2012 Mahakama yake ya Juu ilipiga marufuku kubandika karatasi yoyote nyeusi kwenye vioo vya magari nchi nzima, mlalamikaji akiwa ameeleza jinsi vioo hivyo vinavyoficha uhalifu. Nigeria ina sheria ya tangu mwaka 1991 inayomtaka mwenye kioo cheusi awe na kibali, na kibali kiwe na sababu kama afya au usalama.

Kwangu mimi njia ya kibali inanitia mashaka. Kibali kikishakuwepo, giza linakuwa la wenye uwezo wa kukipata, na kioo cheusi kinazidi kuwa alama ya mtu mkubwa badala ya kupungua. Marufuku ya India nayo ilimvua sitara mama wa kiti cha nyuma bila kosa lake. Mpaka wa bega la dereva ni wa haki zaidi, kwa sababu unamhusu kila mtu sawasawa na unaweza kupimwa. Kuna kifaa kidogo kinachobana kioo pande mbili na kutoa namba. Askari akiwa nacho mkononi, hakuna ubishi wa "hii si nyeusi sana, afande."

Lakini kupima kuanzie juu. Kama trafiki atamsimamisha kijana wa gari dogo na kupiga saluti shangingi lenye giza hilo hilo likipita, basi sheria imekuwa karatasi nyingine tu ya kubandikwa. Kiongozi ana haja ya ulinzi, nakubali, na ulinzi huo unaweza kukaa kiti cha nyuma anapokaa yeye. Dereva wake anaweza kuonekana uso. Siku tutakapomwona dereva wa mkubwa akitabasamu na kumpisha mama wa zebra, hata yule kijana hatahitaji karatasi ya 5 kujiona mtu.

Nimalizie kwa la kufanya, maana redio bila la kufanya ni kelele. Kama bado hujapiga tinti, kwanza uliza polisi wa usalama barabarani wa eneo lako wanachoruhusu, kisha ndipo ulipe. Kwa fundi, usiulize ipi nyeusi zaidi. Uliza inazuia joto kiasi gani, inazuia urujuanimno kiasi gani, na namba yake ni ngapi. Mbele weka angavu au usiweke kabisa. Nyuma amua wewe.

Kama umekwisha kupiga, jaribu hivi kesho. Egesha gari, kaa kwenye usukani, funga vioo. Mwombe mtu wa nyumbani, ikiwezekana aliye mfupi kuliko wote, asimame hatua chache mbele, halafu asogee kidogo kando ya mlango wako. Mwonyeshe vidole, vitatu au vinne, mwulize umemwonyesha vingapi. Rudia jioni taa za barabarani zikiwaka. Akikosea hesabu, mrudie fundi abandue karatasi za milango miwili ya mbele. Kubandua ni kazi ndogo kuliko kubandika.